Mganga ni Nani?

Zahanati ya mtaani kwetu, Dar es Salaam, ina mlango ulioandikwa MGANGA MFAWIDHI. Nje, kwenye nguzo ya umeme, kuna kibati: MGANGA, anarudisha mpenzi, anasafisha nyota, anavuta wateja. Siku moja nimekaa kwenye foleni na homa yangu nikajiuliza: jamani, hawa wawili wamepataje jina moja?

Nikalirudia neno lenyewe. Kuganga si kutibu tu. Ni pia kufunga kwa kamba kitu kilichovunjika au kupasuka ili kishikane, kama mpini au mfupa. Ndiyo maana wazee husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Na sisi vijana tukiulizwa habari za kazi tunajibu, "Tunaganga njaa tu." Ni neno la kale la Wabantu, Wakongo nao wana nganga wao. Tabibu tulimpata kwa Waarabu, daktari kwa Waingereza.

Waingereza hao walimwita mganga wetu "daktari wa uchawi", na mwaka 1928 wakaitungia Tanganyika Sheria ya Uchawi. Waliotafsiri Biblia ya 1952 nao walimwita Luka tabibu. Jina la mganga hawakumpa. Ajabu ni kwamba serikali yetu haikulitupa neno. Hata leo mkubwa wa madaktari nchini ni Mganga Mkuu wa Serikali. Na mwaka 2002 ikapitishwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, waganga wa jadi nao wakatambuliwa.

Lakini tusimsingizie Mwingereza kila kitu. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wanauawa, viungo vyao vikatafutwa eti ni dawa ya utajiri. Hapo jina tulilichafua wenyewe.

Mwaka ule nilikuwa sekondari. Mwalimu akatuuliza darasani kazi za waliotulea. Mimi nimelelewa na bibi, na bibi alikuwa mganga wa mifupa. Watoto walioanguka kwenye miembe waliletwa kwake usiku na mchana. Aliwafunga mabanzi ya mianzi, akakataa kumgusa yeyote ambaye mfupa umetokeza nje. "Huyo wa hospitali," alisema. Nami nikasimama nikajibu, "Mkulima." Sikudanganya, maana shamba alikuwa nalo. Ila nilimficha.

Bibi ameshafariki, siwezi tena kumwomba radhi. Basi naandika hapa: bibi yangu alikuwa mganga.

Nanyi wenzangu mnaoandika hadithi, kila mganga wenu ana hirizi shingoni na kicheko cha kutisha. Hao wapo, waandikeni. Lakini siku moja moja mwandikeni na yule aliyefunga mfupa.