Filamu za uhalifu wa miji midogo: Mpwani yuko wapi?

Filamu ya uhalifu wa mji mdogo ina kanuni yake. Mtu ameuawa katika mji ambao watu wanajuana kwa majina. Mpelelezi anauliza huku na huku, na mwisho mkosaji huwa ni jirani, mbunge au tajiri anayeheshimiwa. Wahenga walishasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Kenya tunazo kazi za namna hii. Veve (2014), iliyoongozwa na Simon Mukali, inatupeleka Maua, Meru, ambako mbunge anajitajirisha kwa biashara ya miraa. Country Queen, iliyotoka Netflix mwaka 2022, si ya upelelezi hasa, lakini iko jirani: Akisa Musyoka anarudi kijijini Tsilanga na kukuta kampuni ya madini inainyemelea ardhi yao.

Machakos ndio mji uliotarajiwa kuzaa kazi nyingi zaidi. Gavana wake wa kwanza, Alfred Mutua (2013–2022), ambaye aliwahi kutengeneza tamthilia ya polisi, Cobra Squad, alianzisha mpango wa Machawood ili kaunti hiyo iwe kitovu cha filamu. Na mji wenyewe una hadithi. Ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla ya Nairobi, na misafara ya biashara kutoka pwani ilipita hapo. Wakamba nao walikuwa wakiteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa katika karne ya 19. Kwa hiyo Mswahili na Mwislamu si wageni Machakos.

Swali ni je, wakitiwa kwenye filamu, wanapewa nafasi gani? Tumezoea kumuona mwenye kanzu akiwa gaidi, muuza unga au mganga, na lafudhi yetu ikitumiwa kuchekesha. Mbali na kutuvunjia heshima, jambo hili linaiharibu filamu yenyewe. Mtazamaji akishamtambua mkosaji kwa kofia yake, upelelezi umekwisha kabla haujaanza. Isitoshe, mji umesafishwa: uovu umetoka nje, na vigogo wa hapo hapo wamepona.

Dalili njema zipo. Watu Wote (2017), filamu fupi ya Katja Benrath iliyoteuliwa kuwania Oscar, inasimulia tukio la kweli la Desemba 2015, abiria Waislamu walipowakinga wenzao Wakristo basi liliposhambuliwa Mandera. Katika Crime and Justice (2021), Sarah Hassan, mzaliwa wa Mombasa, ni mpelelezi Makena. Ni vizuri mwigizaji asifungwe na alikotoka. Lakini tunamsubiri pia mpelelezi aitwaye Mwanaisha, anayechunguza wizi wa ardhi au mauaji ya kawaida, akaswali adhuhuri kisha akarudi kazini, bila mtu kushangaa.

Wala hatuombi Mwislamu awe malaika kila mara. Awe mkosaji leo, shahidi kesho, hakimu kesho kutwa, kama wengine. Polisi anayemsimamisha kijana wa Likoni barabarani naye hutazama filamu, na mwenye nyumba anayemkatalia chumba huko bara vilevile.

Vijana wetu wanaoandika miswada waanze na miji wanayoijua: Malindi, Lamu, Voi, hata Machakos. Wasingoje kuandikiwa.