Maneno Kama Mashahidi: Msamiati wa Kale wa Lugha za Kisiou

Mwanahistoria anayechunguza watu wasioacha maandishi huwa na mashahidi wachache: vifaa vilivyofukuliwa ardhini, masimulizi ya wazee, na maneno. Shahidi huyu wa tatu tumekwisha kumzoea katika kazi za Meinhof na Guthrie juu ya Kibantu. Makala haya yanakusudia kumhoji mbali na kwetu, katika ukoo wa lugha za Kisiou za Amerika ya Kaskazini, ili tuone ni wakati gani ushahidi wake unafaa kusadikiwa.

Ukoo huu una Kilakota na Kidakota, Kiomaha na Kiosage, lugha za Ho-Chunk, Mandan, Hidatsa na Crow, pamoja na lugha za mashariki na kusini zilizokwisha kutoweka, yaani Kitutelo, Kibiloxi na Kiofo. Tahajia tutakayoitumia imerahisishwa: herufi n mbele ya konsonanti yaonyesha kwamba irabu iliyotangulia hutamkwa kwa king'ong'o.

Tuanze na maji. Walakota husema mni, Waosage ni, Watutelo walisema mani, na Wacrow husema bile. Kwa mtazamo wa juujuu, bile haina undugu na mni. Lakini tazama 'mbili': Kilakota nunpa, Crow duupa. Lugha ya Crow imepoteza irabu za king'ong'o. Kwa hiyo penye m na n za Kilakota hutokea b, na d mwanzoni mwa neno au l katikati ya irabu. Mwachano huu si wa bahati, ni kanuni. Ndipo wataalamu wakaunda mzizi wa kale *wiri, wenye irabu ya mwisho ya king'ong'o. Kiosage peke yake kisingetuonyesha silabi ya kwanza, kwa kuwa kimeiangusha. Hata majina ya majimbo mawili ya Marekani yamelihifadhi neno hilo moja: Minnesota kutoka Kidakota, na Nebraska kutoka lugha za Waomaha na Waotoe.

Sauti zikikubaliana, maana bado yaweza kupotosha. Kilakota kina shunka, Ho-Chunk shunk, Kibiloxi chonki, yote yakiwa na maana ya mbwa. Bali shange ya Kiomaha ni farasi. Je, mababu walifuga farasi? La. Farasi wa zama hizi waliletwa Amerika na Wahispania tangu mwisho wa karne ya 15, na wenyeji wakampa mgeni jina la mnyama waliyemjua. Walakota humwita farasi shunkawakan, yaani mbwa mtakatifu. Waho-Chunk humwita mbwa mkubwa. Mzizi ni wa kale, maana ya farasi ni ya juzi.

Kuna na maneno yasiyopatikana. Upinde ni itazipa kwa Kilakota na mande kwa Kiomaha, na matawi ya ukoo huu hayana neno moja la upinde linalofuata kanuni za sauti. Robert Rankin alilizingatia jambo hili, nalo lapatana na maoni ya waakiolojia kwamba upinde ulienea mashariki mwa Amerika ya Kaskazini yapata katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo: ukoo ulikuwa umekwisha kugawanyika. Mahindi nayo ni wagmiza kwa Walakota, xooxaashe kwa Wacrow. Hata hivyo tujihadhari, kwani neno laweza kupotea huku kitu kikibaki. Neno letu wenyewe 'mahindi' lathibitisha kwamba zao hilo ni geni kwetu, lakini latuelekeza India, hali asili yake ni Amerika.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka kwa watu wachache kabisa. Watutelo, wenyeji wa Virginia, walihamia kaskazini wakapokewa na mataifa ya Wairokwa. Mwaka 1870, katika hifadhi ya Mataifa Sita huko Ontario, Kanada, Horatio Hale alimkuta mzee Nikonha akaandika maneno kutoka kinywani mwake. Nikonha alifariki mwaka 1871. Hale alipoyachapisha maneno hayo mwaka 1883, ilidhihirika kwamba Kitutelo ni lugha ya Kisiou. Wala haikuwezekana tena kuwadhania Wasiou kuwa ni watu wa nyika za magharibi tu. Vivyo hivyo Kiofo, ambacho kwa sababu ya sauti yake f kilidhaniwa kuwa cha ukoo mwingine, kilitambuliwa baada ya John Swanton kumpata mama mmoja, Rosa Pierrette, huko Louisiana mwaka 1908.

Kamusi linganishi ya lugha hizi ilianza kutayarishwa Colorado mwaka 1984, ikatolewa kwa njia ya elektroniki mwaka 2015. Warsha hiyo ingekuwa na machache zaidi ya kulinganisha upande wa mashariki lau Hale angechelewa mwaka mmoja. Kwetu pia ziko lugha zenye wasemaji wazee wachache, ambazo huonekana hazistahili makala wala safari ya utafiti. Kanuni za sauti zaweza kungoja wataalamu wa kesho, wazee hawawezi.