Kutoka bomba mpaka soketi: mashine zimejifunza kujibizana, na sisi je?

Wasomi wenzangu, soketi ninayoisema hapa si prizi ya kuchomeka chaja. Ni mlango ambao programu moja inatumia kuzungumza na programu nyingine. Historia yake inatugusa hata sisi watu wa jembe.

Mwaka 1973, pale Bell Labs huko Marekani, Ken Thompson aliweka bomba ndani ya mfumo wa Unix. Doug McIlroy njo alilisukuma wazo hilo miaka mingi. Programu moja inamwaga maneno, ya pili inayapokea kwenye mwisho wa bomba. Kazi nzuri, lakini maji ya bomba hayarudi nyuma. Tena programu zote mbili zilipaswa kuwa ndani ya mashine moja.

Miaka 10 baadaye, Agosti 1983, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilitoa 4.2BSD, kwa pesa za wizara ya ulinzi ya Marekani. Humo njo soketi zilitokea. Angalieni utaratibu: upande mmoja unafungua soketi, unajipa anwani, unakaa kusikiliza. Upande wa pili unakuja kubisha. Ule wa kwanza unakubali, na tangu hapo kila mmoja anasema na kusikia kwa njia ileile, wawe ndani ya mashine moja ama mmoja Likasi na mwingine Brussels. Hata bomba la zamani, katika 4.2BSD lilitengenezwa upya kwa soketi mbili.

Kumbe mazungumzo yanaanza na yule anayesikiliza. Kama hayuko, anayebisha anapata jibu moja tu: umekataliwa.

Kilimo chetu kilianzia kwenye bomba. Tangu 1917, sheria ya wakoloni ilimlazimisha mkulima kulima mazao waliyoyachagua wao, pamba ikiwemo. Amri ilishuka, sauti ya shamba haikupanda. Leo simu iko mfukoni mwa mama anayelima mahindi, na sisi bado tunamtumia mafundisho ya mbegu na mbolea kwa namba isiyopokea jibu. Yeye njo anajua ni wiki gani mvua ilikatika na mdudu gani aliingia shambani.

Anayetaka kutengeneza programu ya wakulima, aanze na upande wa kusikiliza. Ule wa kusema tunao tangu zamani.