Kanisa ni kuta au ni watu? Tuwaulize Wabaptisti wa Providence

NENO ‘kanisa’ lina maana mbili ambazo wasemaji wa Kiswahili huzichanganya bila wasiwasi. Tukisema kanisa limepakwa rangi, tunataja jengo. Tukisema kanisa limekataa jambo fulani, tunataja watu. Je, ni nani mwenye jina hilo hasa, kuta au waumini?

Hebu tulitafute jibu katika historia ya jengo moja la Wabaptisti lililoko Providence, katika jimbo la Rhode Island, Marekani.

Waumini wake walianza kukutana mwaka wa 1638 chini ya Roger Williams, mhubiri aliyekuwa amefukuzwa Massachusetts kwa kushikilia kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu. Williams alikuwa pia mwanalugha. Mnamo 1643 alichapisha jijini London kitabu kuhusu lugha ya Wanarragansett, wenyeji wa eneo hilo.

Kwa muda wa miaka 60 hivi, Wabaptisti hao hawakuwa na jengo. Walikutana majumbani mwao. Je, hawakuwa kanisa? Walikuwa! Nyumba yao ya kwanza ilijengwa karibu mwaka wa 1700, na mchungaji wao, Pardon Tillinghast, ndiye aliyeigharamia. Ya pili ilifuata 1726. Hata walipopata majengo, hawakuyaita kanisa. Waliyaita ‘nyumba ya mkutano’, kwa kuwa kanisa kwao lilikuwa watu.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyosimama hadi leo. Mnamo 1774 Providence ulikuwa mji mdogo wenye watu zaidi ya 4,000 tu, lakini Wabaptisti wakaamua kujenga nyumba ya kutosha watu 1,200. Ukubwa huo ulikuwa na sababu. Chuo chao, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Brown, kilikuwa kimehamia mjini humo 1770, nacho kilihitaji mahali pa kufanyia mahafali. Basi nyumba ikakusudiwa ibada na mahafali pia. Sehemu ya fedha za ujenzi, usishangae, ilitokana na bahati nasibu!

Mafundi je? Wahenga walisema kufa kufaana. Mwishoni mwa 1773 wakazi wa Boston walimwaga chai ya Waingereza baharini, na mwaka uliofuata Uingereza ikaifunga bandari yao. Mafundi wa kuunda merikebu wakakosa kazi, na baadhi yao wakaipata Providence. Mchoro ulikuwa wa Joseph Brown, na mnara, wenye urefu wa mita 56 hivi, ulifuata michoro ya Mskoti James Gibbs. Nyumba ilifunguliwa Mei 1775, majuma machache tu baada ya vita vya uhuru wa Marekani kuanza.

Hata hivyo, tusiishie kwenye sifa za mnara. Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na roshani waliyotengewa watu weusi, watumwa na walio huru. Naye Joseph Brown na ndugu zake watatu walikuwa wamiliki wa merikebu Sally, iliyotumwa Afrika Magharibi mwaka wa 1764 kununua watumwa. Waafrika wasiopungua 109 waliangamia katika safari hiyo. Waumini waliorithi mafundisho ya uhuru wa dhamiri walimkalisha mwenzao kando kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

Turejee sasa kwenye neno letu. ‘Kanisa’ tulilipata kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka Kiaramu, ambamo lilimaanisha mkusanyiko wa watu. Kumbe asili ya neno letu inakubaliana na Wabaptisti wale! Lugha ilianza na watu, jengo likaja kuazima jina lao.

Kwa hivyo, tunapoisimulia historia ya kanisa lolote, haitoshi kuuliza lilijengwa lini, na nani, kwa pesa ngapi. Tuulize pia ni nani waliokusanyika humo, na kila mmoja wao aliketishwa wapi. Jibu la swali hilo halimo katika urefu wa mnara.