Fuvu kama Ushahidi: Kutoka Riwaya ya Ireland hadi Kalenga

Riwaya ya Erin Hart, Haunted Ground (2003), inaanza na kichwa cha mwanamke kilichofukuliwa katika kinamasi cha mboji nchini Ireland. Mwanaakiolojia na mwanapatholojia wanatafuta jina lake. Katika historia ya Tanzania tatizo hilo lilijitokeza kinyume chake: jina lilijulikana, kilichotafutwa ni kichwa.

Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898, na Wajerumani wakachukua kichwa chake. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles (1919) kiliitaka Ujerumani ikikabidhi kwa Uingereza. Hata hivyo, ni mwaka 1953 tu ambapo Gavana Edward Twining alichagua fuvu katika makumbusho ya Bremen, kwa kuwa vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Vipimo hivyo vilionesha uwezekano tu, kwani watu wasio na undugu huweza kufanana umbo la kichwa. Vinasaba vina nguvu zaidi: mwaka 2023 ilitangazwa mjini Berlin kwamba vinasaba vya mafuvu matatu vimelingana na vya jamaa walio hai nchini Tanzania.

Kwa hiyo, fuvu la Kalenga lina thamani mbili zinazopaswa kutenganishwa. Thamani ya kimila na kisiasa ilithibitishwa na mapokezi ya Wahehe wenyewe; ya kisayansi inategemea vipimo vya 1953. Mwanahistoria asitumie moja kuziba pengo la nyingine.