Kiu pekee haitoshi: Jinsi miradi ya maji inavyoteuliwa kufadhiliwa

MAOMBI ya miradi ya maji huzidi fedha zilizopo. Ndiposa bodi zinazosimamia fedha za umma hulazimika kuamua ni kijiji kipi kitakachochimbiwa kisima na kipi kitakachosubiri.

Nchini Kenya, jukumu hilo limo mikononi mwa kaunti, ambazo zilikabidhiwa huduma za maji na Katiba ya 2010, pamoja na Hazina ya Sekta ya Maji. Hazina hiyo chimbuko lake ni Sheria ya Maji ya 2002. Sheria ya 2016 iliiendeleza na kuitwika kazi ya kusaidia maeneo yaliyotengwa, sehemu za mashambani zisizo na faida kwa kampuni za maji, na mitaa ya maskini mijini. Msingi wake ni Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha.

Kigezo cha kwanza ni uhitaji. Hutazamwa kiwango cha umaskini, idadi ya wakazi na mwendo wanaotembea kuteka maji.

Cha pili ni chanzo chenyewe. Kisima huhitaji uchunguzi wa maji yaliyo ardhini, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na tathmini ya athari kwa mazingira. Aidha, maji hupimwa ubora. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, visima huwa na floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ikizidi, huharibu meno na mifupa.

Cha tatu ni uendeshaji. Nani atanunua dizeli? Nani atakarabati pampu na kuweka hesabu? Je, mwenye shamba lililojengwa tangi ameliachilia kwa maandishi? Bila majibu, mradi hufa mara tu mwanakandarasi aondokapo.

Hata hivyo, kigezo hiki kina mtego. Jamii yenye walimu wastaafu na kikundi kilichosajiliwa huandika pendekezo la kuvutia, ilhali wafugaji wenye kiu zaidi hushindwa kwenye karatasi. Bodi inayosubiri maombi tu huwapa walio nacho.

Dawa yake ni kuanza na orodha ya maeneo yenye uhaba mkubwa, kisha kuwapa wakazi wake wataalamu wa kuwasaidia kuandaa pendekezo, kuchagua kamati na kujifunza kuiendesha. Hivyo udhaifu wa jamii huwa sababu ya kuisaidia, si ya kuinyima.

Kijiji kilichoachwa nacho si lazima kinyamaze. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humruhusu Mkenya kuuliza taasisi ya umma ilivyofikia uamuzi wake. Swali la kuanzia ni moja: mradi ulikosa alama wapi?