Mbuzi wa Wanjiru na Unyoya wa Phoenix: Tukio Lisilozuilika katika Ngano ya Wagikuyu na katika Final Fantasy

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanapoulizwa wanakumbuka nini katika ngano walizosimuliwa utotoni, aghalabu hawatoi muhtasari wa msuko. Hutaja tukio moja: ndege juu ya tawi akimwimbia mhunzi, Fumo Liyongo akiwa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, ilhali roho imekwisha kumtoka, msichana akididimia ardhini huku matone ya kwanza ya mvua yakianguka. Makala haya yananuia kulichunguza tukio la aina hiyo katika kazi mbili ambazo kwa kawaida haziwekwi kwenye meza moja. Ya kwanza ni ngano ya Wanjiru, iliyorekodiwa miongoni mwa Wagikuyu na kuchapishwa London mwaka 1910. Ya pili ni mfululizo wa michezo ya video ya kifantasia uitwao Final Fantasy, ulioanzishwa Japani na kampuni ya Square mnamo Disemba 1987 na ambao ungali unaendelea. Suala la athari ya moja kwa nyingine halimo katika mjadala huu. Dai letu ni kwamba tukio hukita katika kumbukumbu pale hadhira inaponyimwa uwezo wa kulizuia, na kwamba thamani yake ya kisanaa hutegemea ni nani aliyeuondoa uwezo huo.

Huenda msomaji akauliza mchezo wa video unatafuta nini katika jarida la uhakiki. Jibu letu linaanzia Nyeri. Mnamo mwaka 2000, wakati wa likizo, mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa vijana waliojazana katika chumba kimoja nyuma ya duka, karibu na steji ya matatu, palipokuwa na mashine moja ya PlayStation. Katika kumbi za namna hiyo, Nyeri, Karatina hata Nanyuki, mteja alilipa kwa kila mchezo, na kwa hiyo kilichotawala ni kandanda na mapigano: dakika chache, mshindi, mwingine aingie. Final Fantasy VII haikufaa biashara hiyo. Ilikuja katika diski tatu, ilihitaji zaidi ya saa thelathini kuimaliza, na bila kadi ya kumbukumbu mchezaji angeanza upya kila siku. Iliwezekana tu kwa kuwa mwenye chumba aliipenda mwenyewe, akaicheza jioni baada ya kufunga, nasi tukaruhusiwa kutazama. Mmoja alishika vidhibiti, mwingine akasoma Kiingereza kwa sauti na kukifasiri, waliobaki wakatoa maoni, wakacheka, wakashauri. Yeyote aliyewahi kusoma kuhusu fanani na hadhira yake atautambua mpangilio huo mara moja. Wanjiku Mukabi Kabira, katika The Oral Artist (1983), alikwisha kutufunza kwamba ngano haimo katika maneno peke yake. Imo pia katika mwili na sauti ya anayeitamba mbele ya watu. Katika chumba kile utambaji ulikuwa hai.

Jioni moja tukafika mwisho wa diski ya kwanza. Aerith, msichana muuza maua aliyekuwa mwenzetu katika safari tangu mwanzo, amepiga magoti akisali katika mji ulioachwa. Cloud, shujaa wa kisa, anamkaribia. Aerith anainua uso na kutabasamu, na papo hapo Sephiroth anashuka kutoka juu na kumchoma kwa upanga mrefu. Kito alichokuwa amekifunga nywelini kinaanguka, kinadunda ngazi kwa ngazi, kinatumbukia majini. Linalofuata ni pambano, lakini muziki wa pambano haupigwi. Wimbo wa Aerith, uliotungwa na Nobuo Uematsu, unaendelea huku mchezaji akilazimika kupigana. Kisha Cloud anamlaza ziwani na maji yanamfunika.

Chumba kilinyamaza. Halafu mmoja akasema, "Rudi nyuma, kuna kitu tulikosea." Mwenye kadi akakubali. Tukarudi mahali tulipokuwa tumehifadhi, tukajaribu mazungumzo mengine, tukaingia upya. Sephiroth akashuka vilevile. Mfasiri wetu alilaumiwa kwa siku kadhaa kwamba Kiingereza chake ndicho kilichomuua Aerith.

Lawama hiyo, japo ya kitoto, ina nadharia ndani yake. Mchezo wa video humpa mchezaji ahadi ambayo riwaya haimpi msomaji: tenda, na kisa kitakujibu. Katika Final Fantasy hata kifo cha pambanoni kina dawa, nayo ni unyoya wa Phoenix, ndege wa visasili anayefufuka kutoka majivuni. Mchezaji huununua dukani kama anavyonunua chumvi. Ndiyo maana wachezaji kote duniani waliuliza swali lile lile lililoulizwa Nyeri: kwa nini tusimpe Aerith unyoya? Wenye kuifahamu historia ya mfululizo walijua kwamba swali hilo lilikuwa limeshajibiwa mwaka 1992, katika mchezo wa tano. Mzee Galuf anapoanguka baada ya kupigana hata nguvu zake zikiwa zimefika sufuri, wenzake wanajaribu uganga wa kuponya, uganga wa kufufua, unyoya wenyewe; hakuna kinachofanya kazi. Mchezo wa sita, wa mwaka 1994, ulishika njia nyingine. Humo Shadow, askari wa kukodiwa, anabaki nyuma katika kisiwa kinachoporomoka. Mchezaji akiruka mapema Shadow anakufa, akivumilia kungoja hadi sekunde za mwisho Shadow anaokoka. Uvumilivu wa mchezaji ni uhai wa mhusika. Kwa hiyo aliyeufikia mchezo wa saba mwaka 1997 akitokea katika wa sita alikuwa amefunzwa kuamini kwamba kifo huzuilika kwa bidii, na kufunzwa huko ndiko kulikoifanya pigo la Sephiroth kuwa zito kiasi kile.

Sasa tuigeukie ngano. William Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliishi katika eneo la Nyeri katika miaka ambayo kituo cha serikali ya kikoloni, kilichoasisiwa 1902, kilikuwa bado kichanga. Kitabu chao, With a Prehistoric People, kina jina ambalo leo hatuna budi kulikataa, lakini ngano zilizomo zinakiokoa. Mojawapo inahusu ukame. Mvua haikunya mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Watu wakakusanyika, mganga akapiga ramli, akasema Wanjiru sharti anunuliwe ili mvua inye. Kila mtu akaja na mbuzi. Wanjiru akasimamishwa katikati, akaanza kudidimia: hadi magotini, hadi kiunoni, hadi shingoni, akilia kwamba amepotea na kwamba ni watu wake waliomwangamiza. Mvua ikaanza kumwagika. Jamaa zake wakataka kumkimbilia, na hapo pana sentensi ambayo kwa maoni yetu ni kilele cha ngano nzima: waliosimama karibu wakawatia mbuzi wengine mikononi, nao wakaacha. Wanjiru akazama, ardhi ikajifunga juu yake.

Tuzingatie mbuzi hao wa mara ya pili. Mtunzi asiye hodari angetosheka na ramli: mizimu imeamua, binadamu afanye nini? Ngano ya Wanjiru inafungua mlango wa kumwokoa, inaonyesha miguu ya ndugu ikianza kukimbia, kisha inaonyesha mlango ukifungwa kwa bei. Tukio haliwi lisilozuilika kwa amri ya mbinguni. Linazuilika kabisa, na kila aliyekuwepo anajua kwa nini halikuzuiwa. Fasihi ya pwani ina kisa chenye mshipa huo huo: katika utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Liyongo anauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, baada ya mwana kuahidiwa mke na cheo. Jamaa, ahadi, malipo.

Kuna jambo la utambaji la kuongeza. Katika ngano ya ndege na mhunzi, ambapo mke mjamzito ameachwa peke yake na zimwi huku mumewe akifua vyuma mbali, ndege anayelishwa mbegu za mbarika hupeleka ujumbe kwa wimbo, na hadhira huitikia. Mtoto anayeitikia huhisi kwamba sauti yake ndiyo inayomfikisha ndege kwa mhunzi. Ni sawa na kumngoja Shadow. Nyanya yangu, aliyetusimulia huko Mathira, alimwimba Wanjiru pia, nasi tukaitikia vilevile kwa furaha, hadi Wanjiru alipofika shingoni na mmoja wetu akagundua kwamba tumekuwa tukiimba pamoja na wenye mbuzi. Sijui kama nyanya alikusudia. Lakini alituachia ukimya mrefu kabla ya kuendelea.

Hapo ndipo tunapouona upungufu wa tukio la Aerith, pamoja na uzuri wake wote. Wachezaji wananyimwa uwezo, lakini hawapewi hatia. Muuaji ni adui mwenye upanga mrefu na nywele nyeupe. Aliyefunga mlango ni mwandishi wa programu. Tulilaumu Kiingereza kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa ndani ya chumba.

Mfululizo wenyewe ulilikaribia swali la Wanjiru mwaka 2001, katika mchezo wa kumi. Yuna anazunguka nchi ya Spira kuelekea kwenye vita na jinamizi liitwalo Sin. Vijiji vinampokea kwa shukrani. Ushindi utaleta miaka michache ya utulivu, kisha Sin atarudi. Tidus, kijana anayempenda, anampangia mambo watakayofanya baada ya ushindi, kwa kuwa ni yeye pekee asiyejua kwamba anayemshinda Sin hufa katika tendo hilo. Walinzi wote walijua. Wenyeji wa vijiji walijua. Anapoambiwa, maneno yake yote ya awali yanamgeukia, na mchezaji, aliyekuwa akiiendesha safari hiyo hatua kwa hatua kwa mikono yake, anatambua kwamba amekuwa akimsindikiza Yuna kuuawa. Hiyo ndiyo itikio letu la Mathira kwa umbo jingine. Utulivu wa Spira ni mvua, na shangwe za njiani ni mbuzi. Tidus anakataa biashara hiyo kama alivyoikataa yule kijana wa Wanjiru, na Yuna anaokoka; bei inalipwa na Tidus mwenyewe, ambaye mwishoni anageuka kivuli, hata Yuna anapokimbia kumkumbatia anapita katikati yake na kuanguka. Kwa mizani yetu tukio hili ni zito kuliko la Aerith, ingawa umaarufu umeegemea upande wa pili.

Yaliyofuata yanaonyesha jinsi hadhira isivyokubali kuachwa kwenye ziwa. Baada ya 1997 ulienea uvumi kwamba Aerith anaweza kufufuliwa kwa njia ya siri. Kwetu ulifika kwa mdomo wa kijana wa Nanyuki aliyeapa kwamba binamu yake ameona kwa macho. Ulikuwa uongo, lakini uongo wa kifasihi: hadhira ilikuwa ikitunga sehemu ya pili ya ngano ambayo mtunzi aliinyima. Katika mwendelezo wa mchezo wa kumi, uliotolewa 2003, mchezaji aliyetimiza masharti fulani humwona Tidus akirudishwa, akiibuka majini. Na katika Rebirth, ya Februari 2024, kifo cha Aerith kinasimuliwa upya kwa namna ambayo Cloud anamwona pale wenzake wanapoomboleza, na mtunzi haamui.

Ngano ya Routledge inaamua. Kijana aliyempenda Wanjiru anatwaa mkuki na ngao, anamtafuta nchi nzima, hadi jioni moja anasimama pale aliposimama Wanjiru. Miguu yake inadidimia, ardhi inajifunga, anaifuata njia ndefu ya chini kwa chini na kumkuta katika hali ya kuhuzunisha. Anamwambia kwamba mvua imekwisha kunya, sasa atarudi. Anambeba mgongoni kama mtoto. Mvua hairudi mbinguni kwa sababu Wanjiru ametoka. Ngano haitaji deni lolote kwa mizimu, na ukimya huo unatia shaka kama deni lilikuwapo. Hamrudishi kwao. Anamficha nyumbani kwa mamaye, wanamlisha mafuta ya mbuzi hadi mwili unarudi, kisha anamtokeza kwenye ngoma kubwa mbele ya watu wote. Wazazi na ndugu wanamkimbilia kwa furaha, naye anawafukuza kwa kipigo: ninyi mlimuuza.

Siku ya nne hasira inapungua. Kijana anafikiri kwamba hata hivyo hao ndio jamaa zake, anapeleka mahari, na watu walewale wanapokea mbuzi kwa ajili ya Wanjiru kwa mara nyingine.